Bangili ya Zambarau

1

Kamati iliyochagua rangi ilikaa hotelini siku tatu. Ilikataa nyekundu kwa sababu inatisha, ikakataa nyeusi kwa sababu inatisha zaidi, na mwishowe ikapitisha zambarau, rangi ambayo kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao "inaleta utulivu." Kwa hiyo tangu mwaka 2077, mtu mzima akipatwa na saratani kali ya damu katika kanda yetu na mashine ikaona hatapona, anavishwa bangili ya zambarau, anapewa kijitabu chenye picha ya ua, na anarudishwa kwake na dawa za maumivu. Mwenye bangili ya kijani huingia wodini. Mwenye ya njano huingia kikipatikana kitanda. Nimefanya kazi na watu hawa miaka mingi na bado sijui hoteli ile iliwalisha nini.

Naitwa Kalunde Masele. Ni daktari wa maabara katika Kituo cha Damu cha Kanda, hapa Tabora, na kazi yangu ni kutia saini. Zamani nilisoma kromosomu kwa darubini, moja baada ya nyingine, mpaka shingo ikakakamaa. Siku hizi mashine inayoitwa Mpambanuzi inasoma kila kitu kwa saa arobaini, na sheria inataka chini ya jibu lake pawe na saini ya binadamu. Binadamu huyo ndiye mimi. Hakuna anayenitaka nifikiri, wanachotaka ni kalamu itembee.

Jumatano ile asubuhi nilikuta waraka mezani. Mkurugenzi wetu, Dkt. Ezron Mbwambo, alikuwa amepima mwendo wa kalamu yangu na kuona ni mdogo. Kuanzia siku hiyo jibu moja lisizidi dakika nne. Mbwambo ana miaka thelathini na tisa, ana meno mazuri, na hajawahi kushika kioo cha darubini isipokuwa kwenye picha ya ukutani kwake. Nikaukunja waraka nikauweka chini ya kikombe cha chai. Kisha nikachukua jibu la kwanza na kuamua kukaa nalo nusu saa nzima, kwa ukaidi tu.

Lilikuwa la Mhoja Ngassa, mrina asali wa Sikonge, miaka arobaini na nne. Zambarau.

Mpambanuzi hupewa sampuli mbili za kila mgonjwa. Ya kwanza ni uboho, ute wa ndani ya mfupa, ambako ndiko uliko ugonjwa wenyewe. Ya pili hutoka mahali ambapo ugonjwa haujafika, ili mashine ijue mtu huyu alizaliwa vipi. Inasoma zote mbili, kisha inaondoa katika ile ya kwanza kila kilichoonekana katika ya pili. Kinachobaki kinahesabiwa kuwa ni kasoro za jeni zilizoletwa na saratani, na kwa kasoro hizo mashine inapanga bangili. Kilichoondolewa kinawekwa kwenye orodha ya nyuma kabisa, ukurasa wa thelathini na moja, ambao hakuna mtu anayeufungua. Mimi niliufungua kwa sababu zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili tu na nilitaka kuzimaliza zote thelathini.

Humo, kati ya vitu alivyozaliwa navyo Mhoja Ngassa, mashine ilikuwa imeandika kasoro ya jeni ya NPM1.

Nilicheka peke yangu. Hakuna mtu anayezaliwa na kasoro ile. Inatokea ndani ya saratani, haitoki kwa mama wala kwa baba, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua hivyo. Tena ni kasoro njema, kama saratani inaweza kuwa na kitu chema. Mwenye nayo huitikia dawa, na zaidi ya nusu yao hupona. Mashine ilikuwa imemnyang'anya Mhoja kasoro iliyo njema, ikamwachia ile mbaya ya ASXL1 iliyokuwa katika sehemu ndogo ya seli zake, kisha ikamhukumu kwa hiyo iliyobaki.

Kicheko kiliisha nilipoangalia sampuli ya pili ilikuwa nini. Ilikuwa mate.

2

Naomba nieleze ujinga huu ulivyoanza, maana ni ujinga wa kwetu hasa.

Mwanzoni tulitumia ngozi. Kipande kidogo kutoka mkononi, kinakuzwa maabara wiki tatu, hakina doa la saratani. Mbwambo akasema wiki tatu ni nyingi. Tukashauri kucha, ambazo hutoa jibu haraka na ni safi vilevile. Wagonjwa wakagoma. Mtu aliyekuwa tayari kuchomwa sindano mfupani hakuwa tayari kumwachia mgeni vipande vya kucha zake, kwa sababu anajua, na bibi yake alijua, nini hufanywa na kucha za mtu. Hapo Mbwambo akapata nafasi ya kung'ara. Akaandika Sera ya Heshima kwa Mila, akapigiwa makofi Dodoma, na tukahamia kwenye mate.

Mate ya mtu mzima wa afya ni sampuli nzuri. Mate ya mgonjwa wa saratani ya damu yamejaa seli nyeupe za saratani, hasa kama fizi zinavuja, na mashine ikiona kasoro zake humo inadhani mtu alizaliwa nazo. Nililisema hilo kikaoni mara moja. Mara ya pili nilinyamaza, maana saa ya chakula ilikuwa imefika.

Nilimkuta Mhoja kwenye benchi la kusubiria gari. Alikuwa mtu mrefu aliyekonda ghafla, shati limempwaya, bangili ya zambarau, waliyomvisha bila kungoja saini yangu, ikiteleza mpaka kwenye kiwiko kila alipoinua mkono kufuta fizi. Mkewe, Nyamizi, alikuwa anafunga mzigo.

"Mama, shikamoo," alisema Nyamizi.

"Marahaba. Msiondoke. Nataka kurudia kipimo."

"Kipi?" aliuliza Mhoja. "Damu mmechukua. Uboho mmechukua. Mate nimetema mpaka nikakaukiwa."

"Nataka kucha. Za miguuni zinatosha."

Akaficha miguu chini ya benchi.

"Hapana, daktari. Kucha zangu zikipotea humo ndani, nitamuuliza nani?"

"Mpe," alisema Nyamizi bila kuinua kichwa. "Wamekuandikia kufa, wewe unaogopa kurogwa."

"Anayekufa ndiye mwenye haki ya kuogopa. Wewe ogopa siku yako."

Ningeweza kumcheka. Kwa miaka yote nimewacheka watu wa aina yake, halafu nikifika nyumbani najikata kucha, nazitupa chooni na kuvuta maji mara mbili. Kwa hiyo nilimwambia ukweli mwingine. Nilimwambia kipimo chake huenda kilikosewa na sisi, na kwamba bila kucha sitaweza kukisahihisha.

"Nani aliyekosea?" aliuliza.

"Sisi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Saini ni yangu."

Jibu hilo lilimpendeza, sijui kwa nini. Akatoa sharti moja, kwamba kucha zisitoke machoni pake. Basi nikamwingiza maabara kinyume cha kanuni saba, nikamvisha barakoa na kofia, na akakaa kwenye kiti kirefu akizilinda kucha kumi kama anavyolinda mzinga. Alishuhudia zinavyooshwa, zinavyosagwa, na zinavyoyeyuka kwenye maji ya dawa mpaka hakuna kilichobaki.

"Basi?" aliuliza.

"Basi. Hakuna mtu duniani anayeweza kuzipata tena."

"Kumbe mnajua kuroga kuliko wao," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, fizi zake zikiwa nyekundu.

3

Wakati Mpambanuzi anasoma upya, mimi nilifungua majalada ya zamani. Nilitafuta jambo moja tu, kasoro ya NPM1 kwenye ukurasa wa thelathini na moja, iliyoondolewa kana kwamba mtu alizaliwa nayo.

Walikuwa sitini na mmoja katika miaka miwili, wote zambarau, wote wamerudishwa makwao na kijitabu cha ua. Rejista ya vifo ilikuwa na hamsini na wanane kati yao. Chini ya kila jibu palikuwa na mwandiko mzuri wa mviringo, ule niliosifiwa nao shuleni. Nilitamani uwe wa mtu mwingine, nimchukie kwa raha.

Ijumaa asubuhi jibu la Mhoja lilitoka. Kijani. Saa nne nilikuwa ofisini kwa Mbwambo.

Mbwambo huniita Mama anapotaka kitu. Siku hiyo alinivutia kiti mwenyewe.

"Mama, umefanya kazi kubwa. Huyu mzee wa asali tunamwingiza leo hii. Kitanda namba saba kiko wazi."

"Si mzee. Ana arobaini na nne."

"Tutaandika kwamba sampuli yake ya kwanza ilichafuka. Unatia saini hapa, saa kumi anaanza dozi."

"Na hawa wengine?" Nikamsogezea orodha.

Aliisoma haraka, akaifunika kwa kiganja. Nakiri alijitahidi. Uso haukubadilika hata kidogo.

"Hawa ni marehemu, Mama."

"Watatu wako hai. Wote wamepewa bangili ndani ya wiki sita zilizopita. Bado wana nguvu za kusafiri. Kule Nyanda za Juu kuna hospitali wanasoma kwa darubini mpaka leo, hawahitaji bangili yetu. Mgonjwa anayeweza kukaa kitako njia nzima wanampokea."

"Na kule watauliza kwa nini tuliwakataa." Alitabasamu. "Mmoja ni kosa la sampuli, Mama. Wanne ni kosa la mfumo. Kosa la mfumo ni kifungu cha kumi na tisa. Mashine inazimwa siku tisini, tume inakuja, na bila mashine hakuna bangili, na bila bangili hakuna anayeingia wodini. Huyu Mhoja wako anaweza kukaa kitako mpaka Nyanda za Juu?"

"Hawezi. Atavuja damu njiani."

"Ana siku ngapi?"

"Kumi. Labda kumi na mbili."

"Basi."

Nilimdharau mtu yule tangu siku aliyoripoti kazini na begi lenye jina lake, na dharau hiyo ilikuwa imenifaa sana. Ilinifanya nijione msafi. Kilichonichoma Ijumaa ile ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Alikuwa mwoga, alikuwa anajilinda, na hesabu ilikuwa sahihi. Nikisema leo, Mhoja anakufa kwenye benchi. Nikinyamaza, watatu wanaendelea kufa kwao wakiwa wametulia, kama kamati ilivyotaka.

"Mwezi ujao tutahamia kwenye kucha," alisema. "Kimyakimya. Hakuna atakayeumia tena."

"Isipokuwa watatu."

"Mama, mimi sikuwatia saini."

Nikachukua kalamu. Dakika nne hazikufika.

4

Sheria zetu ni za kipumbavu lakini moja ni nzuri. Mgonjwa aliyekwisha kuanza dozi haondolewi kitandani, hata mashine izimwe, hata bodi ivunjwe, hata jengo liuzwe. Dozi ya Mhoja ilianza saa kumi na robo. Kuanzia dakika hiyo hakuna mtu aliyeweza kumgusa, na mimi nilikuwa huru kupiga simu tatu.

Sikupiga.

Nilijiambia Mbwambo anaweza kuchelewesha damu ya kuongezea. Nilijiambia anaweza kuzuia dawa za maambukizi. Nikasema acha dozi iishe, ni siku saba tu, halafu nitasema yote. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mhoja. Nimewasikia watu wengi wakijidanganya mbele yangu na kila mara nimewaona wapuuzi. Mimi nilijidanganya kwa ufundi kuliko wote, maana nilitumia maneno ya kitaalamu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu na niliogopa tume.

Jumanne nilikwenda Wodi ya Hewa Safi. Mhoja alikuwa nyuma ya kioo, nywele zikianza kudondoka kwenye mto, homa imepanda na kushuka. Alininyooshea kidole, nikawasha kipaza sauti.

"Daktari, nimekuwa nikiwaza. Ni mimi peke yangu mliyenikosea?"

Alikuwa ananitazama kwa yale macho aliyozitazamia kucha zake. Nyamizi, aliyekuwa upande wangu wa kioo, akageuka pia.

"Ndiyo," nilisema. "Wewe peke yako."

"Basi nina bahati," alisema, akafumba macho.

5

Ijumaa iliyofuata, siku ya nane, nilipeleka taarifa kwenye Bodi ya Damu, na majina yote sitini na mmoja pamoja na saini zangu. Kufika adhuhuri Mpambanuzi alizimwa. Mbwambo alinipita kwenye korido akaniita Dkt. Masele, mara ya kwanza kabisa. Kisha nikapiga simu tatu. Mgonjwa wa Kaliua alipokea mwenyewe. Simu ya mgonjwa wa Nzega ilipokelewa na mwanawe, na jioni ileile wote wawili walikuwa njiani kwenda Nyanda za Juu. Simu ya tatu iliita bila kupokelewa. Ilikuwa ya Tabitha Lugendo, mwalimu wa hisabati, miaka thelathini na sita, Urambo.

Jumamosi asubuhi nilipanda gari la kituo, nikalitajia jina la shule aliyofundisha Tabitha, likanipeleka lenyewe. Njiani nilipanga maneno. Nilianza na mfumo, nikapita kwenye uchunguzi, nikamalizia na masikitiko makubwa. Yalikuwa maneno mazuri na nilipoyarudia mara ya pili nikatambua kwamba yote ni ya Mbwambo.

Nilipoona turubai uani kwenye nyumba ya mwalimu nikajua.

Mwanamume mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu aliinuka kwenye kiti cha plastiki akaja kunipokea. Alikuwa Yoramu Lugendo, mume wa marehemu.

"Karibu, mama. Umetoka mbali."

"Natoka Kituo cha Damu, Tabora. Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa. Alifariki Jumatano, tukamzika juzi." Aliniletea kiti kivulini, akaketi karibu yangu. "Nafurahi umekuja. Nilitaka kuwaandikia niwashukuru."

"Kushukuru nini?"

"Kwa kutuambia mapema. Wengine wanafichwa, wanahangaika kwa waganga mpaka wanaisha. Sisi ile bangili ilitupa muda. Aligawa nguo zake mwenyewe. Alikaa na watoto akawaambia. Kila kitu kilikwenda kwa utulivu."

Nilitaka anitukane. Nilitaka mtu mmoja katika nchi hii anitukane kwa sauti, na badala yake mtu huyu alikuwa anaagiza niletewe chai.

"Baba," nilisema, "ile bangili haikuwa yake."

Hakuelewa. Nikamweleza. Nilimweleza mate na kucha, kasoro iliyoondolewa na kasoro iliyobaki. Nilimwambia mkewe alistahili kijani, na kwamba mimi ndiye niliyetia saini zambarau. Hayo aliyasikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Kisha nikasema lililobaki.

"Nilijua tangu wiki iliyopita. Ijumaa saa kumi na robo ningeweza kukupigieni simu. Mngesafiri Jumamosi."

Aliinua kichwa.

"Ijumaa alikuwa anasahihisha madaftari," alisema. Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anakumbuka tu. "Alimaliza darasa zima. Angepona?"

"Zaidi ya nusu ya wenye kasoro ile hupona. Siwezi kujua kama angekuwa mmoja wao."

"Kwa nini hukupiga?"

Nilikuwa na sababu ya dawa za maambukizi, na ya damu ya kuongezea, na ya Mhoja. Zote nilikuwa nazo pale, zimepangwa.

"Niliogopa," nilisema.

Chai ililetwa, Yoramu akapokea kikombe changu akakiweka chini, mbali nami, akamwambia aliyeileta aende. Ilikuwa ndiyo adhabu pekee aliyonipa na nilimshukuru moyoni kwa hiyo.

"Mama yake Tabitha yuko ndani," alisema. "Tangu Jumatano anamwambia kila anayekuja kwamba haikuwezekana, kwamba daktari mwenyewe alisema. Ndicho anachoshikilia. Nitamleta. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitaisema hii habari mbele yake."

"Sawa."

"Na useme mpaka Ijumaa. Usiishie kwenye mate."

Akaingia ndani. Wanawake waliokuwa wameketi mkekani wakasogea kupisha njia. Mlango ulifunguka, akatoka mama mfupi aliyejifunga kitenge kiunoni, Yoramu akimshika kiwiko. Niliposimama alinyoosha mkono wake kwanza, akaushika wangu kwa mikono miwili, akanipa pole ya safari.

Nikaketi mbele yake, nikaanza na Ijumaa.